Tundu la Safu ya Thelathini na Saba

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo televisheni, maana siwezi kuagana na nyinyi huku yule mwanamke anapita kwenye kioo na shali langu mabegani. Niwekeeni mto wa pili mgongoni. Hivyo. Sasa anayetaka kukohoa akohoe kabisa, kwa sababu nikikatizwa sianzi upya.

Nyote watatu mmekulia chumba kile cha mbele, mnajua kilivyokuwa: viti sita vya kufumia vimezunguka kikapu cha uzi, na cha saba, kile chenye mkono uliovunjika, ni cha msomaji. Mafundi sita walifuma, mmoja alisoma riwaya kwa sauti, na msomaji alihesabiwa fundi sawa na wengine. Hakuna mtindo ulioingia kwenye daftari langu kabla kitabu hakijasomwa mpaka ukurasa wa mwisho, mara mbili. Ndivyo nilivyopata sweta la hakimu aliyemfunga ndugu yake, nikalibana shingoni makusudi ili mvaaji asipumue kwa raha. Ndivyo nilivyopata glavu za mwizi wa barua, na soksi za bwana harusi mwoga, moja ndefu kuliko nyingine kwa sababu alivaa akikimbia.

Watu walinicheka. Madoido, mwenye duka la nguo kule pembeni, alisimama mlangoni kwangu na bangili zake zote akasema, "Mwenzangu, watu wanataka joto, hawataki hadithi!" Nikamwambia aende akauze mablanketi. Kisha zikaja hizi tamthilia za enzi za kale, za mabibi wenye magauni yanayofagia sakafu, na wale wale waliocheka wakaanza kupanga foleni. Alinijia mmoja, kavaa miwani mikubwa kama vifuniko vya sufuria. "Mama, nataka shali la yule dada aliyelia dirishani." Nikamuuliza, alilia kwa nini? Akasema, "Sijui, nilikuwa naangalia shali." Nikamfumia. Lakini nilimfumia kwa dharau, kila safu, na nadhani lilimwasha.

Sasa sikilizeni habari ya shali la mjane, maana ndilo lililonifanya niwaite mchana huu.

Mnakijua kitabu chenyewe, kile kinene chenye jalada la kijani, cha mjane anayeishi karibu na stesheni akimngoja mtoto wake. Nilichora mashali mawili: la kwanza zima, la pili lenye tundu kwenye safu ya thelathini na saba. Miaka yote niliwaeleza wateja kwamba mjane alikuwa anafuma, hodi ikapigwa, akajua ni habari mbaya, kitanzi cha uzi kikamponyoka. Basi la zima ni la kabla ya hodi, la tundu ni la baada. Watu walilishika lile tundu kwa kidole na machozi yakawalengalenga.

Juzi mlinikalisha hapa kuangalia tamthilia ya kitabu hicho hicho. Mjane anaolewa, bado binti, mume yuko hai, mtoto hajazaliwa, stesheni haijajengwa, na kavaa shali la tundu! Nilicheka mpaka mkaniletea maji. Mkadhani ni homa. Kumbe nilikuwa namcheka mtu aliyenakili ukurasa mmoja wa daftari akauacha wa pili kwa sababu mchoro wake haukupendeza. Mwisho wa tamthilia likaandikwa jina la Madoido, mbunifu wa mavazi. Mbunifu! Hajui hata kuanza safu.

Na wewe, mwanangu wa kwanza, usiangalie dari. Nilipolazwa hospitali ufunguo wa sanduku la daftari niliuacha kwako peke yako. Juzi nilipocheka ulisimama nyuma ya kiti changu ukasema, "Mama, tundu hilo si liko kitabuni?" Ulikimbilia kumtetea Madoido, ukanionyesha kwa mdomo wako mwenyewe kwamba umempigia picha Madoido ukurasa usioujua. Ungeniibia umesoma ningekuheshimu kidogo. Nakuachia mashine ya kufumia iliyoko stoo. Haijawahi kuelewa kitu inachofuma, mtapatana.

Wewe wa kati, dereva wangu, hukuwahi kujifanya unapenda uzi, na kwa hilo nakushukuru. Chukua chumba cha mbele na paa lake linalovuja. Lakini kile kiti cha saba kisitoke mlangoni. Ukikitupa, mimi sitakutokea ndotoni, sina muda huo, ila utajua mwenyewe ulichofanya.

Ngoja. Nipeni maji.

Limebaki daftari, na kila mmoja wenu ananisikiliza kwa ajili ya hilo daftari. Bwana mkubwa, huyu wa kwanza, amekwisha kumwahidi Madoido, najua, ndiyo maana simu yake inalia tangu asubuhi. Basi nisikieni jambo ambalo sikumwambia hata baba yenu.

Tundu haliko kitabuni.

Nilikuwa nafuma shali la mjane kwa mara ya kwanza, msomaji akafika kwenye hodi, na mimi, mimi ninayewacheka watu wa dirishani, nililia kama mtoto, kitanzi kikaniponyoka nisikione. Nilipokiona nilikuwa nimefika safu ya hamsini. Fundi yeyote mwenye adabu angefumua. Mimi niliona haya mbele ya mafundi wangu, nikasema nimekusudia, ndivyo ilivyoandikwa. Na msomaji aliyekuwa amesoma kwa mdomo wake akatikisa kichwa, akakubali! Nilimdharau siku ile, na tangu siku ile nimemdharau kila aliyenunua, kwa sababu hakuna aliyefungua kitabu akatazama. Miaka thelathini na miwili. Niliwapa uongo na nikawachukia kwa kuuamini.

Alitazama mmoja tu.

Wewe, kitinda mimba wangu. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, ndiyo kwanza nimekupa kiti cha msomaji, miguu haifiki chini. Ulifika kwenye hodi ukaweka kidole kwenye mstari, ukasema, "Mama, mbona hafumi? Anamenya viazi." Mafundi sita wakainua vichwa. Na mimi nikakunyang'anya kitabu, nikasema huyu mtoto hajui kusoma, anarukaruka mistari. Nyumba nzima ikakuita Rukaruka. Nikakutoa kwenye kiti, nikakupa beseni la nguo, na mpaka leo unafulia watu, na mikono ile imepasuka kwa sabuni. Hukuwahi kunibishia. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Hukuruka mstari hata mmoja.

Daftari ni lake. Nasema mbele yenu wote, na dereva ni shahidi. Ufunguo uko kwenye soksi niliyovaa, mguu wa kushoto, sikumwamini mtu tena. Na jina la Rukaruka nitakwenda nalo mimi. Atakayelitamka baada ya leo na aoe au aolewe na mtu wa mashali ya dirishani.

Safu ya thelathini na saba... fanya utakavyo. Ukitaka, fumua. Ukitaka, liache tundu, lakini andika pembeni kwamba hilo si la mjane. Ni la mama yako. Wateja waambie. Wakikasirika, wakasirike.

Usiendelee kulia, utalowesha shuka na mwenye kufua ni wewe.

Haya. Inamisheni vichwa. Mungu awape macho ya kusoma mpaka mwisho... na mikono isiyoona haya kufumua. Hata wewe, bwana mkubwa. Hata wewe.

Sasa kitabu. Kiko chini ya mto. Ule ukurasa niliokunja. Lete kile kiti, kaa, miguu sasa inafika chini. Soma kwa sauti. Mimi nitafumba macho, lakini nasikia.

Anza kwenye viazi.