Simu Inayotaka Kutazamwa Machoni

Pale Garsen, barabara ya Malindi inapokutana na ya Hola, ubavuni mwa karakana ya Changawa mchomelea vyuma, pana benchi la ubao mmoja juu ya madebe mawili. Ukilikalia ncha moja peke yako linakubwaga. Kwa hiyo hukaliwa kwa mpango: kushoto Halake, dalali wa ng'ombe, aitwaye Spika kwa sababu hamwachi mtu amalize neno, kulia Jotham wa Ngao, karani mstaafu, Profesa kwa shahada ambayo hakuna aliyeiona, na katikati Changawa mwenyewe, Nyundo, maana hasira zake nazo zina uzani. Kahawa ni ya Dama, chungu, yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Asubuhi hiyo Nyundo hakukaa. Alisimama na simu ya bintiye mkononi, ameishika kama mtu aliyeokota nyoka na hajui amtupe wapi.

— Nyamazeni nisome. "Joy Changawa, asante kwa kuomba kazi ya kuchambua maembe. Uchangamfu: chini. Kutazama macho: chini. Haiba yako haioani na timu yetu. Unaruhusiwa kurudia mtihani wa video mara moja, kabla ya adhuhuri leo." Haiba! Embe linataka haiba?

Joy alikuwa amekaa juu ya kreti, mgongo kwa barabara, viganja tayari kuziba masikio lori likipita. Ana miaka ishirini na sita. Kelele humpiga kama mawe, neno hulichukua jinsi lilivyosemwa, na macho ya mtu hayatazami. Daktari alishatoa jina, usonji. Hapa kijiweni jina lake ni Joy tu.

— Hiyo simu ilikuuliza nini, mwanangu? Dama akauliza, akimmiminia.

— Iliuliza, mwenzako kazini akikasirika utafanya nini. Nikasema sijui, sijamwona.

— Haki kabisa! Nyundo akanguruma.

— Ikauliza, ungekuwa mnyama ungekuwa nani. Nikasema mimi si mnyama.

— Aa, hapo umeharibu, binti, Halake akasema. Ungesema ng'ombe. Ng'ombe nani anakataa?

— Ikauliza, kosa gani kubwa umewahi kufanya kazini. Nikasema sijawahi kupewa kazi.

Nyundo akapiga debe teke, Profesa akanusurika kwenda chini.

— Mnaona? Mtoto kajibu kweli tatu, kapewa sifuri tatu! Mtihani gani huu kama si wa kutafuta waongo?

— Taratibu, bwana fundi, Jotham akasema, akifuta kahawa kwenye suruali. Hii ni sayansi. Ile simu inahesabu kope. Ukipepesa sana wewe mwizi, ukipepesa kidogo wewe mchawi. Wahenga walishasema, macho hayana pazia.

— Na mtu mwenye chongo? Dama akauliza.

— Huyo... huyo anahesabiwa nusu.

— Profesa, hujui kitu, Halake akamkata. Mimi nasema hivi. Wanaogopa kijicho. Embe likitazamwa na jicho baya linaoza ndani, nje zuri. Kwa hivyo wanapima jicho kwanza. Ng'ombe haelemewi na nunduye!

— Nundu imeingiaje hapa, Spika? Jotham akauliza.

— Imeingia. Fikiri pole pole.

— Nyote wawili vichwa maji, Dama akasema. Wanawaambia watu tabasamu, tabasamu, wanayakusanya hayo matabasamu. Yanauzwa Arabuni kwa wenye nyuso zilizonuna. Mchanga wa pwani unauzwa, tabasamu lisiuzwe?

Profesa akatikisa kichwa kama aliyelijua hilo zamani. Nyundo aliwatazama mmoja mmoja kwa dharau. Mtu aliyejifunza kuchomelea kwa kuungua mikono hana subira na nadharia. Akamgeukia bintiye.

— Joy, unaitaka kweli hii kazi? Sema, tusihangaikie upepo.

— Naitaka. Nilienda siku ile ya kuonyeshwa ghala la maembe. Mna baridi. Wanavaa vya kuziba masikio. Embe linakuja, unalitia kwenye kreti lake, linakuja lingine. Hakuna anayekuuliza habari za nyumbani. Baba, mimi pale sichoki.

Tangu siku ile ya ghala, kila jioni Joy alifua kitambaa chake cheupe cha kichwa na kukianika, kikisubiri kazi.

— Basi tumfundishe, Jotham akasema. Adhuhuri bado. Mchelea mwana kulia, hulia yeye!

— Profesa, hiyo ni ya kumchapa mtoto, Nyundo akasema.

— Ni ya elimu kwa jumla. Haya Joy, siri ni moja, macho. Mtazame mtu pale pale kwenye mboni, usitoke. Na meno nje.

— Kwa muda gani?

— Mpaka aridhike.

— Anzia kwa Spika, Dama akachekelea. Akiweza uso huo, simu ni mteremko.

Joy akashusha pumzi. Akageuza kreti. Akainua uso, akayakaza macho kwa Halake, meno nje. Hakupepesa. Halake akatabasamu kidogo, kisha hakutabasamu. Akajikohoza. Akashika bakora.

— Basi.

Joy hakutoka. Mzee hakusema ameridhika.

— Nimesema basi! Binti gani ananikodolea mimi, rika la baba yake? Changawa, mtoto huyu hana adabu!

— Hana adabu? Nyundo akawaka. Miaka yote ukipita nyumbani kwangu unasema, "Changawa, huyu umemlea, anainamisha macho mbele ya wakubwa." Leo kainua kwa amri yenu, amekuwa mhuni? Kule akiinamisha ana kasoro, hapa akiinua ana kasoro. Ayang'oe ayatie mfukoni?

Halake aliichungulia kahawa yake kana kwamba kuna mtu chini ya kikombe. Joy tayari alikuwa ameyafunika macho yake kwa kile kitambaa cheupe.

— Yanauma, akasema.

— Pole, binti, Halake akanung'unika. Mimi ni mzee mpumbavu.

— Sawa, Joy akajibu. Dama akapaliwa na kicheko.

— Naenda, Nyundo akasema, akivua aproni. Naenda ghalani sasa hivi. Mimi mambo yangu uso kwa uso. Aliyemkataa mwanangu anitazame mimi hayo macho anayoyapenda.

Dereva wa lori la maembe, mgeni, alikuwa amesimama kando akipuliza kikombe chake.

— Samahani, mzee. Aliyemkataa anaitwa nani?

— Simu imemkataa.

— Ndiyo, lakini nani? Ukifika mlangoni umwulizie nani?

Nyundo akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Spika. Spika akamtazama Dama, na Dama akainamisha birika kikombeni, likatoa tone moja la machicha.

Simu ikalia mkononi mwa Nyundo. Kulikuwa na maandishi ya kurudia mtihani na kitufe cha kijani. Joy akaipokea, akakifunga kitambaa chake cheupe vizuri, akakaa wima, akabonyeza.

— Karibu, sauti tamu ikasema. Tafadhali tutazame machoni.

Joy alitazama. Alisogeza simu karibu, kisha mbali, akatafuta pembe zote nne za kioo. Ndani mlikuwa na uso wake na kitambaa chake tu.

— Baba, akasema, wanataka niwatazame. Humu niko mimi peke yangu.