Mwalimu Mejumaa na Mtoto Aliyesema Kweli

Majirani wa Majengo, na jamaa mliofika kutoka Rabai, tumewaketisha ili mmsikie Mwalimu Jael Mejumaa Chonga alivyoishi, wala hatutampunguza ili apendeze watu.

Alizaliwa Rabai tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Chonga, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1966, karo ikamshinda babake, akaja Mombasa kulea watoto wa watu, na ni katika kazi hiyo alipong'amua kwamba mtoto anayechapwa hujifunza kujificha tu. Mwaka 1974 aliolewa na Bwana Chengo Kahindi, fundi wa mitambo ya barafu huko Liwatoni, wakajaliwa watoto wawili, Kazungu na Winnie, na mwaka 1979, Winnie akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akahitimu mafunzo ya ualimu wa chekechea.

Alifunza katika chekechea moja hapa mjini kwa miaka kumi na mitano bila kushika kiboko. Mtoto akimuumiza mwenzake, alichuchumaa mbele yake, akamwuliza taratibu amefanya nini, ni nani aliyeumia, na atatengeneza vipi, kisha akangoja, hata kengele ikilia, mpaka mtoto ajibu mwenyewe.

Hapa tuliombwa jana na kamati ya shule ile tupite haraka. Hatupiti.

Alhamisi tarehe 9 Juni 1994 mtungi wa maji wa darasa ulivunjwa, na Benard, mwana wa mwenyekiti wa kamati ya shule, akamsingizia Auma, binti wa mama auzaye mahindi ya kuchoma Mwembe Tayari. Mwalimu hakumkaripia mtu, aliwaketisha wote wawili akangoja, hata Benard akaangua kilio, akasema, "Ni mimi," wakaokota vigae pamoja. Kesho yake mwenyekiti alifika amefura, akataka Mwalimu atangaze mbele ya wazazi kwamba aliyevunja ni Auma, kwa kuwa mwanawe ameaibishwa.

"Mwanao amesema kweli, naye ana miaka mitano," Mwalimu akamwambia. "Leo wataka nimfunze kwamba alikosea kuisema?"

"Basi chagua, mama, kazi au ubishi wako."

Alichukua leso yake, akawaaga watoto mmoja mmoja kwa jina, akatoka. Nyumbani alilia, hatutaficha, na Bwana Chengo akamsihi aombe radhi maana Kazungu alikuwa kidato cha tatu na karo ilitakiwa, lakini hakukubali. Jirani yake, Bi Swabaha Athmani, akampa kibaraza chake afunzie, na mjumbe wa kamati alipokuja kuwatisha, Bi Swabaha alisimama mlangoni akamwambia, "Nyumba yangu, kibaraza changu, na mwalimu ni wangu. Nenda kamwambie aliyekutuma." Walianza na watoto sita, Auma akiwa wa kwanza, na Januari 1995 mamake Benard akamleta mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, mtaa mzima ukiona. Kufikia mwisho wa mwaka huo watoto walikuwa arubaini na watatu, na shule imesajiliwa.

Februari 1997 alipatikana na saratani ya matiti, akaendelea kufunza akiwa kitini hadi Agosti mwaka huu. Juma lake la mwisho hospitalini, sisi wa nyumbani tulikuwa tukishauriana kwa sauti ya chini kwamba wanafunzi waambiwe Mwalimu amesafiri, akatusikia, akajiinua kwa kiwiko.

"Waambieni nimekufa," akasema. "Miaka yote hii nawafunza kweli, halafu nyinyi mniagie kwa uwongo?"

Alifariki Jumanne tarehe 15 Septemba 1998, saa nne asubuhi. Siku ya pili Winnie aliwaketisha watoto, akawaambia, wakauliza kama Mwalimu aliumwa sana, akawajibu kwamba ndiyo, aliumwa sana, wakalia naye, na leo ndio hawa mnaowaona safu ya mbele, wanajua wamekuja kumzika nani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, Bi Swabaha kwanza, na walimu wenzake waliofika hapa ijapokuwa walikatazwa na kamati.

Mwalimu, lala kwa amani. Jumatatu masomo yanaendelea, saa mbili kamili.