Mama Chasisi Anastaafu, na Faili la Lori Moja Bado Halijasainiwa

Miaka ishirini na tisa na miezi minne. Ndiyo muda ambao Mama Chasisi, mtathmini mkuu wa hasara katika kitengo chetu cha bima ya malori, ameitumikia kampuni hii hadi anapostaafu Ijumaa, tarehe thelathini. Kamati ya sherehe imeniomba maneno matamu. Nitajitahidi, lakini niseme mapema kwamba nimekasirika, na sitajifanya vinginevyo.

Alianza kama karani wa mafaili. Baada ya mwaka mmoja alichoka kusoma ajali kwenye karatasi, akavaa koti la bluu, akaingia mvunguni mwa lori kusoma namba ya chasisi kwa macho yake. Jina likamganda hapo hapo. Siku moja mkurugenzi alimkuta anatambaa kutoka chini ya tela, uso umejaa grisi, akamwagiza akamwite mtathmini. Mama akaenda, akanawa, akarudi na kujitambulisha. Mkurugenzi aliona haya mpaka masikio!

Wenye lori moja moja wanamjua kuliko wanavyotujua sisi. Aliwafuata kwenye maegesho, akawasomea kwa sauti yale maandishi madogo ya mkataba: hapa gari limelindwa, hapa mzigo haumo, usije ukalia baadaye. Sisi wengine tuliwauzia tu na kuwapa risiti.

Sasa nije kwenye kinachonichoma. Mwaka jana ofisi iliamua ukaguzi ufanyike kwa picha za simu. Eti kuokoa muda. Mwezi wa tatu mwaka huu, dereva mmoja mwenye lori lake la pekee aliteleza kwenye mvua na kupinduka. Wakala wetu akatuma picha ya tairi kipara. Madai yakakataliwa kwa sababu ya uzembe wa mteja. Aliyesaini barua ile ni mimi, nimekaa kwenye kiti, chai mkononi.

Mama Chasisi alikuwa likizo. Dereva alimpigia simu, naye Mama akaacha likizo yake, akaenda yadi na kulala chali kwenye oili. Matairi yote sita yalikuwa na meno mazima. Lile kipara lilikuwa spea, limefungwa kwa mnyororo chini ya bodi. Jamani, mnyororo wenyewe ulionekana kwenye pembe ya picha! Nani aliwahi kuona tairi linalotembea barabarani likiwa limefungwa mnyororo? Nami niliitazama picha ile na sikuona kitu.

Unadhani ofisi ilimshukuru? Ilimpa barua ya onyo kwa kukiuka utaratibu mpya. Mimi niliyekosea sikuguswa. Yeye aliyesahihisha akaambiwa ajieleze, akajieleza kwa mstari mmoja: kwamba alikwenda kuangalia. Ripoti yake ikawekwa mezani kwa meneja wa madai, na miezi sita sasa iko pale pale. Yule dereva, mtu mzima mwenye wajukuu, leo ni utingo kwenye lori la mwenzake. Anashusha magunia, huku lake linaota kutu yadini, na mwisho wa mwezi huu yadi italiuza kama chuma chakavu. Mnapata wapi usingizi?

Nimeandika barua ya kukiri kosa langu, nimeiambatanisha na ripoti. Mkitaka kunipa onyo, nipeni, nimelistahili.

Mama, umetufundisha kazi, umetukaripia, umetuchekesha, na mara nyingi umetuaibisha kwa haki. Asante sana. Pumzika sasa, uamke saa utakayo, ulale kwenye godoro badala ya sakafu ya gereji. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha pamoja na wanao.

Kamati ilipomuuliza angependa zawadi gani, alikataa saa ya ukutani, akakataa na seti ya vikombe. Alisema anataka saini moja. Dereva nimemwalika mimi, yumo ukumbini, amekuja na nguo za kazi kwa sababu ameomba ruhusa ya saa moja tu. Meneja, faili liko mbele yako. Hatupigi makofi mpaka usaini.