Bwana Geuza Jani

Kaka yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mahindi. Marehemu mama alisema hakupata shida kumtafuta: kila alipopotea alikutwa amechuchumaa mbele ya msururu wa sisimizi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari, na mwaka 1973 alihitimu chuo cha kilimo. Alirudi nyumbani na shati jeupe, kalamu mbili mfukoni na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Sisi wadogo zake tulimvumilia.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa kuwa bwana shamba. Mwezi Mei, mama mmoja mjane alimwita kwa sababu kabichi zake zilikuwa zimeingiliwa na vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Kaka aliona juu ya majani wadudu wengine, weusi, wenye miiba, wanaotisha. "Adui ndio hawa," akasema. "Piga dawa leo leo." Akachukua watatu, akawatia kwenye chupa pamoja na jani lenye vidukari, akaiweka dirishani ofisini. Yule mama akapiga dawa siku ileile.

Baada ya siku kumi, chupani mlikuwa na wadudu wekundu wenye madoa meusi, ambao kila bwana shamba anajua kuwa ni rafiki wa mkulima, kwani hula vidukari. Wale weusi walikuwa watoto wao. Angegeuza jani moja tu, angewakuta kazini. Alikuwa ameua walinzi, na vidukari waliojificha chini ya majani walizaliana wapendavyo. Shamba lote likaharibika. Binti wa yule mama, ambaye ada yake ilitegemea kabichi zile, alikaa nyumbani mwaka mzima bila kwenda shule.

Mkubwa wake wa kazi alimshauri: "Sema dawa ilikuwa mbovu. Nani atajua?"

Kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini kaka alikwenda kwa miguu hadi kwa yule mama, chupa mkononi. "Mama, dawa ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi."

Mama alimtazama, akalitazama na lile shati jeupe. "Basi livue," akasema. "Jembe liko nyuma ya mlango."

Alilima pale kila Jumamosi msimu mzima. Tangu hapo, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, hakumruhusu mtu kupiga dawa kabla ya kukagua majani juu na chini. Ndipo wakulima wakamwita Bwana Geuza Jani.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na yule binti, wakati huo akiwa mwalimu. Mama mkwe alipoulizwa kama ameridhia, alijibu, "Huyu nimeshamkagua pande zote mbili." Walijaliwa watoto watatu.

Mwezi Februari 2022 kaka aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alimeza dawa zake kwa utii, ingawa kila mara alimuuliza daktari kama amegeuza jani. Julai mwaka huu, mwanawe mkubwa aliona wadudu weusi wenye miiba kwenye mboga zilizo chini ya dirisha, akabeba bomba la dawa.

"Liweke chini," kaka alisema kutoka kitandani. "Niletee jani."

Aliligeuza, akampa. "Tazama wanakula nini." Bomba likarudi stoo.

Alifariki Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wanne na mama mkwe mwenye miaka tisini na mitatu, aliyeketi hapa mbele. Nilitaka kuifupisha habari ya kabichi kwa kumstahi marehemu. Mama amekataa. "Isome yote, mwanangu," ameniambia. "Pale ndipo nilipompenda."

Pumzika kwa amani, kaka. Majani tutageuza sisi.