Msonyo wa Shangazi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa kaka yake marehemu, yule mliyesikia kwamba shule ilimshinda darasa la sita, ingawa ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyeishinda, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa na sina haya, hivyo asiyeamini nitakayosoma asimame sasa hivi tubishane.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, mahali nitapafikia, msinikimbize. Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule iliyo nyuma ya stesheni, akahitimu ualimu mwaka 1980, akafundisha shule za msingi hadi Januari 1994, alipohamishiwa chuo cha ualimu kuwaandaa walimu watakaofundisha watoto wa makabila madogo, hasa wale wa ng'ambo ya reli, ambao lugha ya darasani wanaikuta mlangoni.

Watu wa ng'ambo ya reli wakivuta hewa kwenye meno wanasema ndiyo, nimesikia, lakini sisi huku tunaita kusonya, na mkono unapanda wenyewe. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya kwanza, shangazi alikaa dawati la mbele, akamwita kijana mwenye tai aje ubaoni amfundishe yeye, na kila alipoulizwa kama ameelewa alisonya, kijana akajikaza, jasho likamtoka, mwishowe akapiga rula mezani, ndipo shangazi akasema polepole, "Mwanafunzi wako amekuambia ndiyo mara tatu, wewe unamtafutia fimbo."

Alifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1985 na fundi saa aliyekaa pale mbele, ambaye siku ya kuposa alijibiwa kwa msonyo, akaenda zake akasusa kula, hadi alipopata wa kumweleza kwamba amekubaliwa, na wakajaliwa mabinti wawili, wapole wote, sijui walimrithi nani.

Mwaka jana duara za chaki zilianza kuonekana kwenye milango ya watu wa kule waliopanga mitaa yetu, leo unaiona alama, wiki ijayo nyumba ni tupu, na hakuna anayeuliza. Februari mwaka huu chuo kilifuta somo lake, akakuta darasa limetiwa kufuli, akafundisha barazani, wengi wakipita wameinamisha vichwa, na tangu hapo moyo ukaanza kumsumbua. Alilazwa tarehe 20 Julai, na daktari alipomuuliza kama ana maumivu alisonya, nesi akanuna, fundi saa akasema, "Amekubali huyo, mpeni dawa," akapewa, akatulia, akafariki tarehe 3 Agosti 2023.

Tunawashukuru madaktari, nesi yule aliyenuna kisha akalia kuliko sisi ndugu, majirani, na wakufunzi wenzake waliothubutu kuja.

Karatasi imeishia hapa, na baba ameshaanza kunikazia macho nikae. Kipande nilichoamriwa kukiruka ni hiki: shangazi alizaliwa ng'ambo ya reli, baba yangu kadhalika, na shangazi darasa la kwanza alichapwa kwa msonyo hadi akaacha kusema ndiyo darasani. Kwa mwenye chaki, mlango wetu ni ule wa kijani, asihangaike kuuliza.

Pumzika kwa amani, shangazi. Na wewe uliyesonya pale nyuma, nimekusikia.