Mafuta Yasiyosubiri Cheche

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Dereva: Ni mimi, kaka.

Fundi: Mimi nani? Akina mimi wako wengi.

Dereva: Mdogo wako. Kaka, acha hizo bwana.

Fundi: Ahaa, bibi dereva. Namba yako nilishaifuta, ndiyo maana. Na shikamoo nayo wadhamini wa gari lenu wamekukataza?

Dereva: Shikamoo, kaka.

Fundi: Marahaba. Haya sema upesi, nina gari la maziwa hapa nimelifungua kichwa cha injini, na mwenyewe amekaa juu ya tairi ananitazama.

Dereva: Niko mlimani, kwenye mashindano ya magari. Zamu yangu ya kupanda ni baada ya nusu saa. Nilikuwa nauliza tu... unamjua mtu yeyote anayeuza petroli ya oktani ya juu? Ya mia, au hata tisini na nane?

Fundi: [anacheka taratibu] Mbona mna mtaalamu, mliyemweka mahali pangu? Si ana kompyuta? Mwambie aifungue, mafuta yatoke humo.

Dereva: Kaka—

Fundi: Yule mwenye miwani ya jua hata ndani ya karakana. Nilimwona anatafuta kijiti cha kupimia oili upande wa buti.

Dereva: Yeye anasema mafuta yaliyomo yanatosha. Mimi ndiye sijaridhika.

Fundi: Na yaliyomo ni yapi?

Dereva: Tisini na tano. Nilimuuliza mara mbili, akanifungulia kitabu cha gari akanionyesha kwa kidole. Akasema kitabu kinataka tisini na tatu, sisi tumeweka tisini na tano, tumezidisha, mimi kazi yangu ni usukani. Wadhamini wakacheka. Wakaniletea kofia mpya yenye jina lao.

Fundi: Kofia inakutosha?

Dereva: Inabana.

Fundi: Sikiliza sasa, na ukimaliza kamwambie. Kile kitabu kimeandikwa nchi ambako wanapima oktani kwa njia nyingine. Tisini na tatu ya kwao, ukiileta kwenye pampu za kwetu, inakaribia tisini na nane. Yeye kaona namba na namba, akafurahi. Ni kama mtu aambiwe nguo ni inchi arobaini, akakata sentimita arobaini na mbili, halafu ajisifu kwamba kazidisha.

Dereva: [kimya]

Fundi: Haloo? Upo?

Dereva: Nipo. Ndiyo maana basi.

Fundi: Ndiyo maana nini?

Dereva: Asubuhi kwenye mzunguko wa mazoezi, ile kona ya pili ya kupanda, nilipokanyaga nikasikia... sijui nisemeje. Kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo.

Fundi: [anaacha kucheka] Kwa muda gani?

Dereva: Sekunde tatu. Nne. Nikaachia.

Fundi: Tatu au nne?

Dereva: Tatu. Niliachia, kaka, wallahi.

Fundi: Hiyo ni injini inagonga. Petroli inatakiwa isubiri cheche ya plagi, ndipo iwake. Oktani ndiyo subira yake; hiyo yenu ni ndogo, haisubiri kitu, inawaka kabla haijaitwa, na pistoni bado iko njiani inapanda. Ukiipeleka mpaka kileleni hivyo, pistoni zinatoboka. Zote nne. Miezi minane niliyokaa chini ya ile injini mnaimaliza kwa dakika tano, mkiwa mmevaa kofia.

Dereva: Najua. Sasa unadhani nakupigia wewe kwa nini?

Fundi: Sijui. Nilidhani umekosea namba.

[Mtandao unakwaruza.]

Dereva: ...umenisikia? Nasema kituo cha kule chini barabarani wana ubao mkubwa, wameandika mafuta ya nguvu za mashindano—

Fundi: Ubao hauchomwi. Uliuliza oktani?

Dereva: Yule dada wa pampu akasema ni ileile ya pampu nyingine, ila hii wanaitia rangi.

Fundi: Huyo ajiriwe na wadhamini. Angalau anasema kweli.

Dereva: Kuna dawa ya chupa pia. Nimenunua mbili. Imeandikwa inaongeza pointi tano.

Fundi: Pointi kumi ndiyo oktani moja, mheshimiwa. Umenunua nusu. Hiyo ipeleke nyumbani ukasafishie masinki.

Dereva: Halafu yuko baba mmoja hapa getini, ana pipa kwenye gari lake. Anasema ni mia na mbili, mafuta halisi ya mashindano, kaletewa na rafiki. Madereva wawili wameshanunua. Niko mbele yake hapa.

Fundi: Yuko mbele yako? Mwambie akudondoshee tone moja kwenye karatasi nyeupe.

Dereva: Anauliza la nini.

Fundi: Mwambie unataka kulichora. Tone tu.

Dereva: [mbali na simu] Mzee, tone moja tu hapa, samahani. ...Haya, limedondoka.

Fundi: Lipulizie kidogo. Likauke.

Dereva: [anapuliza; sauti ya kipaza sauti kwa mbali] Anasema ninamfukuzia wateja.

Fundi: Mpe pole. Limekauka?

Dereva: Katikati limekauka. Ila pembeni kuna duara limebaki. Linang'aa kama karatasi iliyofungiwa chipsi.

Fundi: Petroli safi inaondoka yote, haiachi salamu. Hiyo ina mafuta ya taa ndani. Mshukuru, mwambie akawashe nayo jiko.

Dereva: Kaka, anaondoka. Anafunga pipa.

Fundi: Si nimekwambia. Wale wawili walionunua wako nafasi gani?

Dereva: Mmoja bado hajapanda. Mwingine ni wa kwanza mpaka sasa.

Fundi: Mpaka sasa.

Dereva: Nilifikiria na mafuta ya zile ndege ndogo. Uwanja hauko mbali.

Fundi: Yana madini ya risasi ndani. Kile kihisio kinachopima moshi kwenye bomba kitakufa, na kompyuta ya mtaalamu itakuwa inasoma hewa. Ingawa hapo labda haitakuwa na tofauti kubwa.

Dereva: Sasa nifanye nini? Kila kitu unakitemea mate. Mafuta hayapo. Nikisema sipandi, kiti kimeondoka. Wamesema wazi leo asubuhi, mbele ya watu: nisipokuwa ndani ya watatu wa kwanza, msimu ujao gari anapewa mwingine. Nikipanda hivi hivi, injini imekufa, na kiti pia kimeondoka. Nimezunguka tangu saa moja asubuhi. Sijala. Wewe unacheka.

Fundi: Sicheki.

Dereva: Ulikuwa unacheka.

Fundi: Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki. Mtaalamu yuko wapi?

Dereva: Yuko kwenye hema la wadhamini, anapigwa picha. Kompyuta kaifunga kwa namba ya siri. Nilimwomba apunguze kidogo hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini, kwa usalama. Akaniuliza kama nilisomea.

Fundi: Ulimjibu nini?

Dereva: Nilinyamaza.

Fundi: Unajua sana kunyamaza, wewe.

Dereva: Siku ile ya kikao—

Fundi: Una spana ya kumi?

Dereva: Kaka, siku ile—

Fundi: Nakuuliza spana. Namba kumi. Unayo au huna?

Dereva: Ninayo. Ile yako. Sijawahi kuirudisha.

Fundi: Fungua boneti. Chini ya turbo, upande wa bomba la moshi, kuna kijiti cha chuma. Chukua kitambaa, kuna moto hapo. Kwenye kile kijiti kuna nati mbili zimekumbatiana.

Dereva: Ngoja, narudi kwenye gari... naweka simu hapa. Umo kwenye spika. Ndiyo, naziona. Moja umeipiga alama ya rangi nyeupe.

Fundi: Ni ya kucha. Niliiba kwa mama. Legeza ile ya nyuma kwanza. Zile za kiwandani ni lazima ukifungue kijiti chote, hii niliitengeneza mwenyewe ili izungushwe ikiwa palepale. Nilijua kuna siku mtakwama barabarani bila petroli ya maana. Sikujua kama mtakuwa mmenifukuza.

Dereva: Imelegea. [anaguna] Imenichoma.

Fundi: Nilisema kitambaa. Sasa ile yenye rangi, zungusha kijiti kirefuke. Mizunguko minne. Hesabu kwa sauti.

Dereva: Mmoja. ...Wawili. ...Kaka, hapa nguvu inapungua kiasi gani?

Fundi: Karibu theluthi.

Dereva: Theluthi nzima? Kupanda mlima?

Fundi: Mlango wa turbo utafunguka mapema, presha itatoka, misumari haitalia tena. Injini itafika juu nzima. Wewe utafika juu wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho kama yule wa mafuta ya taa atazimika.

Dereva: Na kiti?

Fundi: Kiti hakina nati ninayoweza kukusaidia.

[Kipaza sauti kinaita namba.]

Fundi: Usizungushe, kama hutaki. Funga boneti, panda, jaribu bahati. Mimi nitaendelea na gari langu la maziwa. Ile injini niliambiwa si yangu. Ulikuwepo wakiniambia.

Dereva: Nilikuwepo.

Fundi: Basi.

Dereva: Watatu. ...Wanne.

Fundi: Umefika wanne?

Dereva: Wanne kamili. Nakaza ile ya nyuma. Imekaza. Wakiniuliza nani kagusa, nitawaambia ni fundi wangu.

Fundi: Usijitafutie—

Dereva: Nitawaambia kwenye kipaza sauti. Na ya inchi na sentimita nitawaambia, mtaalamu akiwa palepale na miwani yake.

Fundi: Washa.

Dereva: Salio langu linaisha, limeshanipigia kengele—

Fundi: Liache liishe. Washa, weka simu karibu, kanyaga polepole mpaka elfu nne.

[Injini inawaka, inapanda, inatulia juu.]

Dereva: Kaka? Unasikiaje? Mbona husemi?

Fundi: Nyamaza, nisikilize.

[Injini peke yake.]

Dereva: Kaka, wananiita, niko wa pili kwenye mstari, na salio—

Fundi: Nenda. Ile kona ya pili usiogope, ingia na gia ya tatu. Ukifika wa mwisho, nipigie. Ukishinda usinipigie, maana nitajua umeirudisha ile nati.

Dereva: Nitakupigia.

[Simu inakatika.]