Mama Hidaya na Sentensi Iliyofutwa ya Lusenga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Mama Hidaya Amuri anarudisha funguo za kabati la ramani la Kituo chetu cha Tathmini ya Mto, hapa Kasongo. Kabati lenyewe halifungiki tangu mwaka 2008, lakini funguo hakuwahi kuziacha nyumbani hata siku moja. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Nimeanza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele kidogo.

Aliajiriwa mwaka 1996 kama msomaji wa kipimo. Kila asubuhi alipanda baiskeli, akateremka hadi mto Lualaba, akasoma kina cha maji kwenye ubao na kukiandika. Vita vilipofunga ofisi, sisi wengine tulitawanyika kila mtu na njia yake. Yeye aliendelea kuandika kina cha mto katika daftari la shule kila alipoweza kufika. Tuliporudi alituwekea daftari mezani, akauliza nani atapika chai. Vitabu vyetu vya mto vina mapengo machache sana, na ni kwa sababu yake.

Baadaye alisomea tathmini ya athari kwa mazingira, yaani kazi ya kuuliza, kabla mradi haujaanza, nani na nini kitaumia. Alizunguka kila kona ya Kasongo na Kabambare kwa pikipiki, na pikipiki iliposhindwa, kwa miguu. Kule Wamaza wanamkumbuka kwa jina jingine. Alifika huko na chupa kumi na mbili za maji ya kijito, zimepigwa namba, amezifunga vizuri kwenye kikapu, na wanaume watatu wakamfuata njia nzima wakiuliza bei. Walidhani ni lotoko, ile pombe kali ya kienyeji. Mwanamke wa Kiislamu, amejifunga mtandio, mtoto wa familia ya mjini inayojulikana! Mwaka mzima ofisini nasi tulimwita Mama Lotoko, na alicheka kuliko sisi.

Sasa nifike kwenye kisiwa cha Mukeni.

Wasioujua mto waelewe hivi. Mukeni ni kisiwa kirefu chembamba cha mchanga na miti, kimelala sambamba na ukingo mbele ya kijiji cha Mibanga. Nyuma yake kuna kinamasi ambamo samaki wanazalia na watu wanalima mpunga. Kisiwa ndicho kinachozuia mkondo usiingie kwa nguvu. Miti ilipokwisha kwa makaa, kisiwa kikaanza kumegeka, na kila msimu wa maji mengi mto ulipasua matete na kubeba udongo wa mpunga. Mwaka 2019 ulipatikana mradi wa kukijenga upya: kuvuta mchanga kwa pampu, kuumwaga kisiwani, kupiga vigingi na kupanda matete. Mama Hidaya alipewa tathmini. Mimi nilikuwa mkuu wake, na bado ni mkuu wa idara hadi leo.

Alifanya kazi ile kwa bidii inayochosha kuitazama. Alihesabu ndege, akauliza njia za mitumbwi, akapima maji yatachafuka kiasi gani na samaki watahama kwa siku ngapi. Mchanga ungetoka Lusenga, fungu la mchanga lililo karibu na kisiwa, upande mto unakotokea. Tulikwenda Lusenga mwezi wa nne. Tulipitia juu yake kwa mtumbwi. Chini yetu kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa na hakuna kingine. Katika mkutano wa kijiji aliuliza Lusenga ni ya nani, na wazee wa Mibanga wakajibu kwa nia safi kabisa: "Lusenga haina mwenyewe, iko ya maji." Ripoti ikaandikwa: fungu la Lusenga, hakuna watumiaji.

Mwezi wa saba maji yaliposhuka, wanawake ishirini na watatu walifika na majembe na mbegu za karanga, wakaikuta pampu inanguruma katikati ya shamba lao.

Hatukujua, na hiyo ndiyo aibu yetu, kwamba Lusenga inalimwa kila mwaka kwa miezi mitatu mto unapoiachia. Mipaka hufutwa na maji, kwa hiyo kila mwaka wanawake huigawa upya kwa mpini wa jembe, mipini kumi kwa kila mmoja, wajane wakianza kuchagua. Karanga zile ndizo sare za shule na dawa za mwaka. Wanaume hawana sehemu pale, na ndiyo maana kwao fungu lile halikuwa la mtu. Mama Victoire, mjane aliyekuwa wa kwanza kuchagua mwaka ule, alisimama mbele yetu na mbegu bado ziko kwenye kitambaa. "Mulikuja wakati maji iko mingi," alisema. "Mutu anauliza shamba wakati iko chini ya maji? Mungekuja mwezi wa saba, mungetukuta."

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kwetu kama angepiga.

Mama Hidaya alijibu mbele ya kijiji kizima: "Kosa iko yangu. Ni mimi niliandika." Pampu ilisimamishwa siku ile, lakini sehemu kubwa ya Lusenga ilikwisha kuwa Mukeni. Tangu hapo Mibanga wanamsalimu kwa adabu na hawamkaribishi kukaa.

Kisiwa kimesimama. Kinamasi kimepona, kambale wamerudi, mpunga haujabebwa tena, na wageni wamekuja kupiga picha. Tulipongezwa, na mimi nikaalikwa kusema kwenye semina mbili. Yeye hakutaka kuwa ndani ya picha yoyote. Alichofanya ni kuleta kanuni kwamba hakuna tathmini ya mto itakayokamilika bila kutembelewa mara mbili, maji yakiwa mengi na maji yakiwa machache, na kwamba swali si mwenyewe ni nani tu, bali nani anafanya nini hapa mwezi gani. Vituo viwili vingine vimeiga kanuni hiyo. Na kila mwezi wa saba, katika likizo yake, alikwenda kupima Lusenga kwa mpini wa jembe. Mwaka 2020 hapakuwa na cha kupima. Mwaka jana mto ulikuwa umerudisha mchanga wa kutosha wanawake tisa. Aliniletea namba hiyo ofisini, akasema bado kumi na wanne, akaenda kunawa mikono.

Hapo ndipo nilipochana karatasi zangu, kwa sababu wasifu wa Mama Hidaya hauwezi kuwa wa kweli kama nitaishia hapo.

Ripoti ile ilikuwa na sentensi nyingine. Aliiandika kwa mkono wake chini ya maneno "hakuna watumiaji", akaniletea, akaniomba tusubiri. Nilimwambia tukisubiri, msimu wa kazi utapita na kisiwa hakitahimili maji mengine. Huenda nilikuwa na haki kuhusu kisiwa. Lakini sikuwa na haki ya kuchukua kalamu na kuifuta sentensi yake, nami niliifuta. Alisaini ripoti bila sentensi hiyo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkuu. Pale Mibanga nilisimama hatua mbili nyuma yake, nikamwacha aseme kosa ni lake. Kwa miaka yote hii hakunitaja kwa mtu, wala hakunipunguzia chai. Najuta, na nimechelewa kulisema neno hili mpaka siku anayoondoka.

Mama Hidaya, wenzako wanakushukuru kwa daftari la vita, kwa chupa za Wamaza na kwa kutufundisha kurudi mahali mara ya pili. Wanakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasioumwa. Mimi naongeza langu. Ijumaa baada ya sala nitapanda pikipiki kwenda Mibanga, peke yangu, na nitamweleza Mama Victoire na wenzake ni mkono wa nani uliofuta. Wakikukaribisha tena kukaa, uende. Nakala ya ripoti iliyo kwenye kabati lisilofungika nimeirekebisha jana, na sentensi yako imerudi mahali pake, kwa maneno yako, na saini yangu pembeni:

"Turudi Lusenga maji yakishuka, kabla mtu yeyote hajagusa mchanga."

Blaise Lukanda, mkuu wa idara ya tathmini